Mwenye Godoro Kafika?

Babu alipofariki, nyumba yetu ya Kikwajuni ilibaki na wajane wawili. Wa kwanza alikuwa Bibi. Wa pili nilikuwa mimi, kwa sababu tangu natambaa Babu alikuwa akiniita mke wake mdogo, na Bibi akiniita mke mwenzake, na mzaha huo haukwisha hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Siku niliporudi kutoka skuli mara ya kwanza baada ya msiba, nilimkuta Bibi kakaa juu ya mkeka chumbani kwake, ananitazama kuanzia viatu mpaka ushungi.

"Mke mwenzangu," akasema, "mume kafa, mimi nimekaa eda, wewe unazurura na begi. Huoni haya?"

"Mimi nilikuwa mke mdogo, Bibi. Eda yangu ilikuwa fupi."

"Fupi kiasi gani?"

"Kipindi kimoja cha Hesabu. Nshaimaliza."

Akaziba mdomo kwa ncha ya kanga ili shangazi, aliyekuwa uani anaosha vyombo, asisikie mjane anacheka.

Kwa msomaji ambaye kwao hakuna jambo hili: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mumewe hukaa eda, miezi minne na ushei, ndani ya nyumba, bila kujipamba na bila kutoka ila kwa dharura. Wakubwa wanasema ni wakati wa kutulia. Sawa. Lakini Bibi yangu hajawahi kuwa mtu wa kutulia. Alikuwa akienda sokoni Darajani kwa miguu kila asubuhi, na si lazima anunue samaki; mara nyingine alikwenda kuwadharau tu samaki waliokuwepo, akarudi zake. Mtu kama huyo ukimweka chumbani, na dirisha moja la nondo linalotazama kichochoroni, haimchukui muda anaanza kuwatambua wapita njia kwa vikohozi vyao.

Zamu yangu ilikuwa kukaa naye kuanzia nikirudi skuli mpaka magharibi. Mama alinipa simu yake ya zamani, kioo kina mpasuko katikati, kwa sharti kwamba ni ya masomo. Na nilisoma, wallahi. Hata hizi katuni nilizokuja kuzipenda nilizipata nikitafuta mzunguko wa damu.

Mwalimu wa Bayolojia alitaka mchoro wa moyo. Nikautafuta mtandaoni, na katikati ya mioyo yote yenye mishipa myekundu na ya buluu ukatokea mmoja wenye miguu, umekaa kwenye benchi la kahawa, unamlalamikia ini kwamba katika mwili mzima ni wenyewe tu usiopewa likizo. Nikaubonyeza. Ukanipeleka kwenye ukurasa wa mtu anayechora peke yake, hana gazeti wala kampuni, anaweka katuni zake hapo kila anapopata nafasi. Chini ya ukurasa kulikuwa na njia za kwenda kwa wenzake. Nikamfuata wa kwanza, huyo naye akanipeleka kwa mwengine, na moyo wa Bayolojia nikaja kuuchora asubuhi darasani kwa kumtazamia jirani.

Sijui kama naweza kuieleza raha ile. Vitabu vyote nilivyovijua hadi hapo vilikuwa vimepita mikononi mwa watu wazima wengi kabla ya kunifikia, vimefuliwa, vimepigwa pasi. Hizi zilikuwa zinakuja kama zilivyoamka, uso haujanawa. Kulikuwa na moja ya kaa anayeogopa maji, anaishi kwenye ndoo kavu na kuwadanganya jamaa zake kwamba yuko safarini. Moja ya msichana fundi wa mafriji, na ndani ya kila friji analolifungua kuna baridi yenye malalamiko yake. Moja ya jogoo aliyeajiriwa ulinzi, tatizo lake akimulikwa tochi anawika. Mchoraji mmoja alikuwa hajui kabisa kuchora vidole, basi watu wake wote wametia mikono mifukoni, mpaka bibi harusi. Huyo nilimpenda kuliko wote, hadi nilipompata wa godoro.

Katuni ya godoro ilikuwa imejificha chini kabisa ya ukurasa wa mtu mwengine. Visanduku vinne kwa mstari, lazima uilaze simu ubavu ndiyo uvione vyote. Hakuna anayesema neno. Kuna mtu mwembamba mwenye kofia, ana baiskeli, na juu ya baiskeli kafunga godoro la maua makubwa, jipya, nailoni lake bado halijatolewa. Kalinunua Darajani, analipeleka Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki. Hilo tunalijua kwa kibao cha njiani, na ndiyo maandishi pekee katuni nzima. Na hafiki. Kila katuni anaanza safari kang'ara, nailoni nalo linang'ara, na kufikia kisanduku cha nne limeshamkuta jambo. Mvua. Mbuzi. Arusi inayopita, watu wanaliomba godoro wamkalishe nyanya yake bwana harusi aliyechoka kutembea, na likirudishwa lina nyayo za ukoo mzima. Safari moja kibao kikaonesha katokezea Tunguu, wanafunzi wa chuo kikuu wakapanga foleni kupiga nalo picha. Katuni inayofuata yuko tena barabarani na godoro jipya, kama hajapata kunyeshewa tangu azaliwe.

Nilimwonesha Bibi kwa sababu ya kile kibao.

"Kimeandikwa nini?" akauliza. Bibi kasoma chuoni tu, chuo cha Kurani. Herufi za Kiarabu anazisoma mbio, na barua zake zote na dada yake waliandikiana Kiswahili kwa herufi hizo. Herufi za skuli anazitambua kwa mbali, kama watu aliowahi kukutana nao arusini.

"Uroa."

"Uroa kwetu?"

"Kwani kuna Uroa ngapi?"

"Lete." Akanipokonya simu.

Tangu siku hiyo kila alasiri ilikuwa godoro. Tulizianza katuni zote za nyuma, tukawa tunakula chache chache zisiishe. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Nilipokuwa nikicheka mimi, Bibi alikuwa anasikitika, na nikishamaliza kucheka ndipo Bibi anapotabasamu na kusema, "Alhamdulillahi." Nikadhani ni adabu ya eda, kwamba mjane hachekeshwi na mtu aliyerowa.

Alhamisi moja wakaja mabibi wenzake kumtazama. Mimi nilikwenda kuwachemshia chai, na niliporudi na sinia nikamsikia yumo katikati ya hadithi.

"Mtu mzima, kafukuzwa na mkewe huko Uroa. Kachukua godoro lake, anarudi nalo mjini."

"Maskini," mmoja akasema. "Godoro tu?"

"Godoro tu. Lakini yule ana dua ya mama yake. Kila siku anaanza na hali mbaya, karowa, godoro limekanyagwa. Anakwenda, anakwenda, mvua inaacha, jua linatoka, godoro linatakata. Mwisho mpaka nailoni linarudi."

"Allahu Akbar!"

Nililiweka sinia chini kabla halijaniponyoka. Wageni walipoondoka nikampa simu mkononi.

"Bibi, hebu n'oneshe unavyoisoma."

Akaweka kidole kwenye kisanduku cha upande wa kulia kabisa, akakiburura taratibu kwenda kushoto.

"Bibi, hii inaanzia huku," nikagusa upande wa pili.

"Kushoto?" Akanitazama kama nimemwambia nala kwa mkono huo. "Kitu gani cha heri kinaanzia kushoto?"

"Skuli ndivyo tunavyosoma."

"Ndiyo maana unapata alama zile."

Alipokwenda kutia udhu nikaijaribu kwa njia yake. Nikamwona yule mtu karowa chapachapa, halafu mvua inapanda juu inarudi mawinguni, halafu jua, halafu godoro jipya. Nikaijaribu ya arusi: ukoo mzima unashuka kutoka kwenye godoro na kuondoka na nyayo zao. Nikakaa kwenye mkeka peke yangu, sina la kusema, jambo ambalo shangazi angetoa sadaka kuliona.

Basi tukawa na katuni mbili kwa bando moja. Kwangu mimi, mtu anapeleka godoro nyumbani na dunia haitaki afike. Kwa Bibi, mtu kaachwa, na kila hatua ya kurudi inampunguzia aibu. Tukawa tunagombana kwa ushahidi.

"Na Tunguu je? Tunguu kafuata nini?" Bibi alikuwa akiniuliza. "Njia ya Uroa unapita Dunga, unapita Chwaka. Huyu kapotea kwa sababu akili haipo. Kaachwa."

"Au mchoraji ndiye asiyejua njia."

"Mchoraji anajua. Wewe ndiye hujui, na mume hukumjua, ulikuwa unamwomba hela za aiskrimu tu."

Nikikumbuka mwaka ule, msiba nnaukumbuka kidogo. Alasiri zile nnazikumbuka nyingi.

Wakubwa walikuwa washaamua kwamba eda ikiisha Bibi atakwenda kukaa Uroa kwa dada yake, ambaye naye ni mjane na anakaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba vingi. Bibi alikubali. Mke mwenza hakuulizwa. Simu ya Bibi ni kitochi, hakionyeshi picha hata ya betri vizuri, na ya dada yake ni hiyo hiyo. Kwa hiyo tulijua, bila kuzungumza, kwamba mwenye godoro ana muda mpaka siku Bibi atakapoondoka. Akifika, afike kabla ya hapo, na akirudi, arudi kabla ya hapo.

Eda ikiwa imebaki wiki chache, mchoraji akasimama.

Katuni ya mwisho ilimwacha yule mtu ukingoni mwa barabara, tairi limepata pancha, godoro kalibeba kichwani na kichwa chenyewe hakionekani. Chini yake, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na maneno. Mchoraji aliandika kwamba anasimamia hapo. Anachora peke yake, akirudi kazini kachoka, na kwa anavyoona anajisomea peke yake pia. Akamwomba radhi mwenye godoro.

Nilimsomea Bibi.

"Yaani anamwacha pale?"

"Pale pale."

"Na godoro kichwani?"

"Na godoro kichwani."

"Mwandikie," akasema. "Mwambie siendi Uroa bila kujua kama yule mtu kafika au karudi. Dada yangu ataniuliza."

"Dada yako hata hajui kama kuna katuni."

"Nikifika ntamwambia, halafu ataniuliza."

Nikaandika maoni chini ya katuni. Nikasema mimi na Bibi yangu tunasoma, na Bibi yupo eda, na tafadhali. Yalikuwa maoni pekee pale. Hayakujibiwa. Nikaelewa kwamba wasomaji wawili, na mmoja wao anasoma kinyume, hawamtoshi mtu aliyechoka. Inatakiwa niwatafute wengine.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kumpendekezea mtu kitu unachokipenda ni kujitafutia aibu. Nilianza na shoga yangu wa darasani, tunayekaa dawati moja.

"Ina maneno?" akauliza.

"Haina."

"Sasa nasoma nini?"

"Unatazama."

"Mtu ana godoro, hafiki. Ndiyo nshajua. Nikatazame nini tena?"

Nikamweleza ya mbuzi. Nikamweleza ya arusi, nikaigiza mpaka ile nyanya. Nilipomaliza akasema, "Hii ya kwako nzuri, basi sina haja ya kumaliza bando." Nikaipeleka kwenye kundi la familia la WhatsApp. Nikapata vidole gumba, nikapata dua ndefu ya kumwombea Babu, na ami yangu mmoja akauliza godoro bei gani na kama wanaleta mpaka nyumbani.

Bibi alinisikiliza nikilalamika, huku sikio lake liko dirishani. Upande wa pili wa kichochoro, hatua chache kutoka nondo zake, kuna maskani. Mtu wa bara asifikiri nasema makazi: maskani kwetu ni baraza wanapokutana wanaume wa mtaa, wazee na vijana, kunywa kahawa na kupinga kila kinachosemwa. Maskani yenye heshima ina ubao mweusi ukutani. Wanaandika matokeo ya mpira, maziko ya leo, na maneno ya kuwachoma maskani ya jirani.

"Wale," Bibi akasema, "ukiwaambia kitu hawasikii. Lakini ukikiandika kwenye ubao, wanakisoma hata kikiwa bei ya mkaa."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Chaki za skuli zina tabia ya kuingia mfukoni mwangu zenyewe. Asubuhi nilipotumwa mkate, maskani iko tupu, nikachora visanduku vinne juu ya matokeo ya mpira: ile ya mvua. Bibi alikuwa nyuma ya nondo, ananong'ona kwa sauti ambayo ingemwamsha muadhini.

"Kubwa zaidi! Hilo mto hilo, si godoro!"

"Bibi, chaki inaisha."

"Maua! Tia maua!"

Chini yake nikaandika anuani ya ule ukurasa, na kwa herufi kubwa: YALIYOMPATA BAADAYE YAPO HUMU. Sikusema ni nzuri wala sikuomba mtu asome. Kisha nikaenda kununua mkate kama mtoto aliyelelewa.

Niliporudi skuli alasiri nilimkuta Bibi kashaupeleka mkeka wake chini ya dirisha. "Njoo, njoo, kaa," akanivuta mkono. "Washaanza."

Huko nje alikuwa akinguruma mzee ambaye wenyewe humwita mwenyekiti, ingawa sijui alichaguliwa na nani.

"Nani kachora upuuzi huu juu ya mpira wetu?"

"Soma kwanza, yakhe." Hiyo sauti tuliijua, kijana mmoja wa bodaboda.

"Nshasoma. Mtu kaachwa na mkewe, kapewa godoro lake, anarudi kwao."

"Kaachwa wapi, mzee? Mtu kanunua godoro, kanyeshewa, basi."

"Kanyeshewa mwanzo! Baadaye kakauka, huoni?"

"Mwanzo yupo mkavu."

"Wewe unaanzia wapi?"

"Mwanzo, kushoto."

"Kushoto!" Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. "Chuoni alikuwa anasoma huyu, au alikuwa anapelekwa kumwokotea mwalimu kuni?"

Bibi akanifinya paja. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikumwona hivyo tangu kabla ya msiba.

"Mwambie," akaninong'oneza. "Mwambie yule mtoto wa bodaboda, Tunguu kafuata nini."

"Bibi, upo eda."

"Mimi siongei nao. Utaongea wewe."

Sikuongea. Asubuhi ya pili nikafuta, nikachora ile ya Tunguu, na maskani ikapasuka pande mbili. Wakawa wanajiita wa chuoni na wa skuli. Siku ya tatu nilipopita na mkate nilikuta mtu kagawa ubao kwa mstari, kila upande unajiandikia hoja zake, na kaniachia katikati nafasi ya visanduku vinne. Hakuna aliyejua ni nani mchoraji wao. Walishukiana. Kinyozi wa pembeni alisingiziwa mpaka akaanza kukubali.

Na kwa kuwa hakuna mwanamme wa maskani anayekubali kushindwa kwa kukosa ushahidi, wakaifuata ile anuani. Waliokuwa na simu kubwa wakafungua, wasiokuwa nazo wakawaita watoto wao. Jioni nilipoufungua ule ukurasa, chini ya katuni ya pancha, pale palipokuwa na maoni yangu peke yake, nilikuta zogo. Anarudi. Anakwenda. Mtazame baiskeli imeelekea wapi. Wewe kaa kimya, skuli ulifeli. Kisha wakaja watu wa maskani ya jirani kuwatukana hawa, maana tabia haiachwi nyumbani, na hao nao ikawabidi wasome katuni zote ili matusi yao yawe na msingi. Shoga yangu wa darasani aliponipigia kuniuliza kama nishaiona katuni moja ya godoro ambayo kaka yake kamwonesha, nilimwambia sijawahi kuisikia.

Mchoraji akajibu. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Nyinyi ni nani?"

"Sisi maskani," mtu akaandika.

"Na nani kawaambia anarudi?"

Kila mmoja aliona amezaliwa anajua. Nikaandika mimi: "Bibi yangu. Anaanzia kulia. Eda yake inakwisha wiki hii, halafu anahamia Uroa, huko hatakuwa na simu ya kuonea. Anauliza kafika au karudi."

Baada ya hapo kimya. Siku ikapita, na ya pili. Eda ikaisha. Wanawake wakaja, ikasomwa dua, Bibi akavaa nguo nzuri na kutiwa udi, akawa mzuri mpaka nikaona wivu wa uke wenza. Gari ya kumpeleka Uroa ikapangwa Ijumaa baada ya sala. Kila nikipita karibu yake alikuwa ananitupia jicho, nami natikisa kichwa.

Ijumaa hiyo vikapu vilikuwa vishafungwa, vimepangwa ukumbini. Bando langu lilikwisha asubuhi na Mama alikuwa hajarudi kazini. Tukasikia maskani inalipuka, kelele kama za bao la dakika ya mwisho. Halafu, ghafla, ikanyamaza. Maskani ile hainyamazi hata ikipita jeneza.

Bibi akaninyooshea mkono. "Simu."

"Haina bando, Bibi."

Akasimama. Akajitanda buibui lake, akavaa kandambili, akaelekea mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi?" shangazi akaita kutoka uani. "Gari haijafika!"

"Nakwenda hapo."

"Hapo wapi? Mama! Maskani?"

Kwa miezi ile yote Bibi hakuwa amekanyaga kichochoro kile. Watu wengine eda ikiisha huanzia makaburini, wengine kwa ndugu. Bibi yangu alivuka kichochoro, mimi nyuma yake, akasimama mbele ya wanaume wale waliokuwa wameizunguka simu moja. Wakainuka wote, hata mwenyekiti.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. N'oneshenii." Aliivuta ile i mpaka kijana wa bodaboda akaitoa simu kwa mikono miwili.

Kilikuwa kisanduku kimoja tu, kimeenea kioo kizima. Godoro limetandikwa barazani mwa nyumba, maua yake yote yanaonekana. Lina doa la mvua pembeni na nyayo tatu nne, nailoni halina. Yule mtu kakaa juu yake, kofia kaiweka gotini, na kwa mara ya kwanza tunaiona sura yake, sura ya kawaida kabisa. Pembeni yake kakaa mwanamke. Kati yao kuna birika na vikombe viwili.

Bibi aliweka kidole upande wa kulia, kwa mazoea. Akakiburura kidogo, kikasimama. Hapakuwa na pa kukipeleka.

"Haya, Bi mkubwa," mwenyekiti akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kunguruma. "Sisi tumeshindwana hapa. Tuamulie. Huyu kafika au karudi?"

Bibi akaisogeza simu karibu, halafu akaitenga mbali, kama wafanyavyo wenye macho ya umri wake, halafu akaisogeza tena karibu. Nilimwona anamtazama yule mwanamke zaidi kuliko mwanamme.

"Kakaa," akasema. "Hamuoni kakaa?"

"Ndiyo, lakini alitokea..."

"Mtu kakaa na mkewe, anakunywa chai. Nyinyi mnataka kumuuliza kapita njia gani?"

Kijana wa bodaboda alinyoosha mkono apewe simu yake, kisha akaurudisha mwenyewe, akakubali kusubiri. Bibi alikaa nayo pale, kasimama katikati ya kichochoro, na honi ya gari ya Uroa ilipolia kwenye kona alikuwa bado hajairudisha.

Siku hizi nnakwenda Uroa likizo zikifika, na dada yake Bibi kila mara ananiuliza habari za yule mtu kana kwamba ni jamaa, maana kasimuliwa upya, na kwa upande wa kulia. Mchoraji hajachora nyengine. Ukurasa upo, ukiutafuta kwa bidii utaupata, na nakushauri ukiupata uusome mara mbili, kwa pande zote, usimwambie mtu kwamba ni mzuri. Mwambie tu kuna mtu ana godoro, kisha unyamaze.

Chumba cha Bibi nimepewa mimi, nisomee mitihani. Bado nnasoma katuni humo, alasiri, nikiwa nimelala kwenye mkeka chini ya dirisha. Juzi nimepata moja ya pweza anayefundisha chuoni, inachekesha sana. Nilicheka nikamaliza, halafu nikabaki na simu mkononi, nasubiri mtu aseme alhamdulillahi.